Alinishikia Mwisho wa Waya

Wapo wanaosema niliota. Wallahi ningependa iwe hivyo, maana mtu akiota huamka akaosha uso na kuendelea na shughuli zake. Mimi nilikuwa macho. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, jua liko utosini, na mkononi nimeshika waya wa redio. Bakari, aliyekuwa baharini na boti ya kutafuta watu, alinisikia nikizungumza. Faki yu hai, anaweza kuulizwa. Nimechoka kubishana na watu ambao siku ile walikuwa wamelala majumbani mwao. Wewe kaa tu, nikuhadithie ilivyokuwa, kisha uamini au usiamini ni juu yako.

Mimi ni fundi wa redio. Si zile za kusikilizia mpira, ni zile za kuzungumzia: unabonyeza unasema, unaachia unasikiliza. Naishi Mtambile, kusini ya Pemba, na hapo nina kibanda cha kutengeneza simu na spika za misikitini. Ndiyo riziki yangu. Kazi ya redio za baharini naifanya kwa kujitolea, katika kikundi chetu cha uokozi. Simu zikiwa nzima hakuna anayenikumbuka. Simu zikifa ndipo naletewa mtu wa kunigongea mlango.

Na wiki ile simu zilikufa. Upepo ulivuma siku mbili, mnara wa kaskazini ukazimika, na siku ya pili yake alikuja mtu wa Makangale kwa pikipiki kuniambia kwamba ami yangu Khatibu alikwenda kuvua na boti yake ya faiba na hajarudi.

Hapa nikueleze ami huyu ni nani kwangu. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka minne, na yeye, mdogo wake, akanichukua akanilea kule kule Makangale pamoja na mkewe Bi Time. Siku ya kwanza aliponitia majini anifundishe kuogelea nilizama moja kwa moja, akanitoa kwa nywele huku anacheka. Tangu siku hiyo akaniita Chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi wa kuvulia. Watoto wenzangu walinitania kidogo wakasahau. Yeye hakusahau. Nimeoa ananiita Chubwi, nimezaa ananiita Chubwi, na jina nililopewa na wazazi wangu sidhani kama nimewahi kulisikia kinywani mwake hata mara moja.

Katika boti yake mlikuwa na redio ndogo. Niliifunga mimi mwenyewe, nikamfundisha kuitumia, akanung'unika kuwa ninamtia uzee. Kwa hiyo unaona jambo lilivyokuwa. Kama alikuwa hai na redio ile haijaingia maji, mtu wa kumsikia ni mimi.

Nikapakia vitu kwenye pikipiki: redio kubwa, betri ya gari, waya, kamba, nikaendesha kutoka Mtambile mpaka Makangale, kisiwa kizima. Nilipofika diko, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nikakuta mlingoti wa antena yetu umevunjika. Nikajaribu kuuunga usiku huo. Haukuungika. Nikajaribu tena usiku wa pili, upepo ukauangusha. Siku ya tatu asubuhi sikuwa nimelala hata nusu saa ya maana tangu nitoke kwangu. Macho yalikuwa yanawaka kama yametiwa pilipili. Bakari na wenzake walikuwa wameshatoka alfajiri na boti mbili kwenda kutafuta, na mimi pwani sina cha kuwasikilizia.

Nikaamua kufunga waya. Mwandishi wa diko akanipa karatasi yenye majina ya waliokuwemo botini, watu watatu: Khatibu, Faki mkwewe, na Ali, kijana wa jirani anayevua nao siku zote. Nikaitia mfukoni. Nikabeba mzigo wangu nikapanda kwenye konde la muhogo lililo juu kidogo, pembezoni mwa msitu wa Ngezi, kwa sababu pale pana miti mirefu na bahari ya kaskazini iko wazi mbele yako.

Antena ya waya ukiitazama ni kitu cha kijinga. Ni waya mwembamba mrefu, una mbawa mbili, kila bawa hatua kumi na tano hivi, na pale katikati inashuka kebo mpaka kwenye redio. Katikati unapandisha juu ya mti. Mbawa unazivuta huku na huku, na mwisho wa kila bawa unafunga kamba ya nailoni, unaivuta kwenye mti mwingine. Waya usiguse majani na usilale chini. Ni hayo tu. Lakini bawa moja likianguka, redio inasema peke yake kama mwendawazimu barabarani.

Kupandisha kamba mtini mimi hutumia mshipi wenye chubwi. Narusha chubwi juu ya tawi, mshipi unavuta kamba, kamba inavuta waya. Siku nyingine ningecheka, Chubwi anarusha chubwi. Siku ile nilirusha bila kucheka. Katikati nilipata mvule, nikalipata tawi lake mara ya nne. Bawa la kwanza nikalifunga kwenye mnazi. Bawa la pili lilitakiwa lielekee msituni, na mti uliokuwa upande ule ulikuwa mrefu, shina jeupe laini, tawi la kwanza liko mbali huko juu. Nilirusha mpaka mkono ukawa hauinuki. Mshipi ukanasa, nikauvuta, ukakatika. Kazi hii ni ya watu wawili, na watu wote wenye nguvu walikuwa baharini au wanatembea ufukweni wakitafuta.

Nikakaa chini kwenye matuta ya muhogo. Sitakuficha, nililia. Si kilio cha huzuni hasa, ni uchovu tu umekosa pa kutokea.

Nilipoinua uso palikuwa na mtu amesimama.

Usitarajie nikwambie alikuwa na kwato. Alikuwa mtu wa rika langu, shati la kaki limekosa kifungo kimoja, panga mkononi, kandambili za bluu. Nikajua ni wale wanaofanya kazi msituni. Nikamtolea salamu, "Assalamu alaykum," naye akanijibu, "Hujambo."

Niambie, Mpemba gani anapewa assalamu alaykum akajibu hujambo? Mtoto wa chuo cha Kurani wa miaka mitano hawezi. Na mimi nilisikia, niamini, nilisikia vizuri kabisa, lakini kichwa kilikuwa kimechoka hata kushangaa.

Akautazama waya, akautazama mti. "N'pe huo mwisho, yakhe," akasema. "Weye ushachoka."

Nikampa. Akaingia nao vichakani. Nikabaki nimesimama na macho juu, na baada ya muda mfupi nikaona bawa linapanda. Lilipanda polepole, limenyooka, likakaza pale pale ninapotaka, bila kugusa jani. Miaka yote hii sijawahi kuona waya umevutwa vizuri namna ile. Akarudi mikono mitupu, hana jasho, akachuchumaa mbali kidogo na mimi kwenye kivuli. Nikamshukuru sana. Nikaunganisha kebo na betri, nikawasha, nikamwita Bakari, na Bakari akaitika safi kama yuko chumba cha pili. Akaniambia boti moja imerudi, yeye anaendelea kaskazini, petroli yake itamfikisha alasiri kwa kubania. Mwili mzima ulinipoa kwa furaha. Nikaanza kuiita boti ya ami, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya.

Yule mtu akauliza, "Wamwita nani?"

Nikamwambia naita boti.

"Boti haiitiki," akasema. "Wamwita nani?"

Sasa hapa ndipo pa kosa langu, na ni kosa ambalo nililelewa nisilifanye. Sisi wa kule, tulipokuwa wadogo tukienda Ngezi kuokota kuni, tulikatazwa kuitana kwa majina jua likiwa utosini, lisije likadakwa na kitu kikakuita nalo, maana anayeitika harudi. Tulikuwa tunapigiana mbinja, miluzi tu. Na kubwa kuliko hilo, jina la mtu pamoja na la mama yake hupewi mgeni, kwa sababu hiyo ndiyo anwani ya mtu. Mganga akitaka kumpata mtu, kwa kheri au kwa shari, haulizi nyumba yake wala kazi yake. Anauliza, fulani, mama yake nani? Haya nayajua tangu sijui kusoma.

Lakini kazi ya redio imenizoesha kinyume. Kwenye redio unataja jina, unalirudia, mtu akiuliza unamjibu upesi. Ndivyo watu wanavyookolewa. Basi nikatoa karatasi mfukoni nikamsomea. Khatibu. Faki. Ali. Akaniuliza huyu Khatibu mama yake nani, na mimi, mjukuu mzima, nikamtajia nyanya yangu, Bi Mkasi. Nikamtajia kama natoa namba ya simu.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekariri somo. Kisha akanitazama. "Na weye jina lako nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa, jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Na hapo hapo, kutoka kijijini chini, muadhini akaanza adhana ya adhuhuri. Yule mtu akanyanyuka, hakuaga, akapita baina ya miti kwa mwendo wa kawaida. Nikadhani anakwenda kusali. Nikajisemea huyu anafanya la maana, na mimi nitakwenda nikimaliza.

Adhana ilipokwisha, redio ikaita.

"Redio Makangale. Redio Makangale. Hapa Khatibu, mwana wa Bi Mkasi."

Ilikuwa sauti ya ami. Si sauti inayofanana na yake, ni yake, na kile kikohozi kidogo anachokitanguliza kabla ya kusema. Nilishika redio kwa mikono miwili. Nikasema, "Ami, ni wewe?" Akasema ni yeye. Nikauliza wako wapi. Akasema mashine iliharibika, wakachukuliwa na maji, wakaokotwa na watu wa bara na kushushwa ng'ambo. Wako salama wote watatu, yeye, Faki na Ali.

"Mnahitaji nini, ami?"

"Hatuhitaji kitu. Rudisha watu, wasihangaike."

Nifikirie nilivyokuwa. Siku tatu sijalala, mtu aliyenilea ananiambia yu mzima. Kwani wewe ungefanya nini? Ungekaa uanze kupima maneno? Mwanamume gani wa Pemba anajitambulisha kwa jina la mama yake? Mvuvi gani anatoka siku tatu kwenye maji hahitaji kitu, hata maji ya kunywa, hata salamu kwa mkewe? Hayo yote nimekuja kuyauliza baadaye, na nayauliza kila siku. Wakati ule nilikuwa nalia na kucheka.

Nikamwita Bakari. Nikamwambia geuza, rudi, wamepatikana, wako bara.

Bakari ni mtu makini. Akaniuliza, "Una hakika?"

"Nimezungumza naye mwenyewe," nikasema.

Akageuza.

Nikaiacha redio pale pale kwenye muhogo nikashuka kijijini mbio. Nilikuwa nataka Bi Time ayasikie kwangu kabla ya mtu mwingine. Nikamkuta yuko barazani na wanawake wenzake, tasbihi mkononi. Nikamwambia, Bi, wako salama, wako bara, wote watatu. Wanawake wakaanza kushukuru. Yeye akanitazama tu, tasbihi imesimama kwenye kidole.

"Watatu gani?" akasema.

Nikamhesabia. Ami, Faki, Ali.

"Ali yuko kwao, ana homa siku ya nne leo. Walitoka wawili. Mie ndiye niliyewafungia chakula."

Mwandishi wa diko, yule maskini, aliandika alivyozoea kuandika, kwa sababu wale watatu hawaachani. Mimi nilibeba karatasi yake. Na sauti ile, iliyokuwa ya ami kwa kila kitu, ilirudia karatasi yangu na kosa lake. Ami alijua ni nani yumo ndani ya boti yake. Aliyesema na mimi alijua nilichomsomea kwenye konde, basi.

Nilirudi juu nikiwa sipumui. Nikamwita Bakari, nikamwita. Alikuwa ameshaikaribia pwani, petroli inaishia. Nikashuka tena diko, nikafyonza petroli ya pikipiki yangu, wengine wakaleta za kwao, tukakusanya dumu moja na nusu. Mpaka boti inatoka tena ilikuwa baada ya alasiri. Jua likatuzamia. Walizunguka kwa tochi usiku kucha, na mimi nikakaa kwenye redio nisithubutu kumwita ami kwa jina wala kuacha kumwita.

Walimpata Faki asubuhi, juu ya boti iliyopinduka. Alikuwa peke yake.

Faki hakuweza kusema siku mbili. Alipoweza, mimi ndiye niliyemwomba aniambie, na natamani nisingemwomba. Alisema mashine ilikufa, wimbi likawapindua, redio ikazama pamoja na kila kitu usiku wa kwanza. Wakashikilia ubavu wa boti. Siku ya tatu, jua likiwa juu, wakaona boti inakuja. Inakuja kwao, moja kwa moja, mpaka waliweza kuhesabu vichwa. Ami akavua shati akalipunga. Kisha boti ikageuka.

Faki alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ami hakupiga kelele. Alimwambia tulia, tunza nguvu, hawa watarudi. "Chubwi yuko kwenye redio," akasema. "Hawezi kutuacha yule."

Alisema hivyo mpaka magharibi. Baada ya isha mikono ikamlegea. Faki alimshika alivyoweza, na yeye mwenyewe hakuwa na mikono tena.

Maiti haikuonekana. Tukamsalia sala ya ghaibu pale Makangale. Bi Time hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Aliniambia neno moja tu, siku ya kumsomea hitma, tukiwa wawili: "Mwanangu, ungeniuliza mie kwanza." Kweli. Alikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nilipokuwa. Mtu mwenye kujua nani katoka na nani kabaki alikuwa barazani kwake, na mimi niliuliza hewa.

Baada ya hitma tulipanda na Bakari kwenda kuuteremsha waya. Katikati ukashuka, bawa la mnazi likashuka. Bawa la upande wa msitu likagoma. Tukalifuata mpaka kwenye ule mti wa shina jeupe. Kamba niliyompa yule mtu ilikuwa na urefu wa pima tano, naijua, niliikata mwenyewe. Fundo lilikuwa huko juu kabisa, juu kuliko minazi, kwenye tawi jembamba ambalo ndege mkubwa angelivunja. Bakari anapanda minazi tangu utoto. Alizunguka shina mara mbili, akasema hapa hapapandiki. Hatukuona alama ya panga wala ya mguu.

Nikaukata waya pale mkono wangu ulipofika. Kilichobaki kiko huko mpaka leo.

Tukishuka, Bakari akaniambia jambo ambalo naona alikuwa amelibeba siku zote zile. Akasema siku ile, nilipokuwa nazungumza na ami, yeye alikuwa anasikiliza. "Tukikusikia weye tu. Wasema, wanyamaza, wasema tena. Tukadhani mwenzio yuko mbali na sie." Alikuwa katikati ya bahari, hakuna mlima wala jengo la kumzuilia. Kama ile sauti ilipita kwenye waya, yeye angeisikia kabla yangu.

Na Ali? Ali alikuwa kitandani kwao na homa. Saa ile ile ya adhuhuri alisikia ami anamwita dirishani, Ali, toka, twende zetu. Alisema alijua sauti na alitaka kuitika. Mama yake alikuwa anamkanda, na yeye mama hakusikia kitu, lakini aliona macho ya mwanawe yamegeukia dirishani na mdomo unafunguka. Akamziba mdomo kwa kiganja mpaka homa ikamtoa jasho. Mwanamke yule hajasoma darasa hata moja. Mimi nina cheti cha redio ukutani. Ali siku hizi yuko Ole, anachuma karafuu kwa wajomba zake, na bahari haitaki hata kuisikia.

Kazi nimeendelea nayo. Watu huniuliza naiwezaje. Siiwezi, naifanya tu, kwa sababu simu zinakufa bado na fundi mwingine hakuna. Lakini nina sharia zangu. Siendi kufunga waya peke yangu. Sichukui orodha ya diko, naenda nyumba kwa nyumba kuwauliza wake za wavuvi na mama zao. Na adhuhuri inapokaribia nazima redio, anilaumu anayetaka kunilaumu, mpaka adhana imalizike na watu wasali.

Kuzima kwenyewe hakusaidii sana. Mara ya kwanza ilikuwa kibandani kwangu Mtambile, redio iko mezani nimeifungua mgongo, betri nimeichomoa iko chini. Ilikohoa kile kikohozi. Kisha ikasema kwa sauti ya ami, taratibu, kwa upole uliokuwa wa ami kweli: "Redio. Weye jina lako nani?"

Tangu hapo huja. Si kila siku. Inaweza kupita miezi mitatu nikadhani imekwisha, kisha nikaisikia. Inauliza hilo tu. Ilikatishwa na muadhini siku ile haijapata jibu langu, na inaonekana ina subira. Siijibu. Natoka nje nakaa juani mpaka ipite. Ila unielewe vizuri, sitoki kwa woga. Natoka kwa sababu ni sauti yake, na nimechoka, na ipo siku nitatamani sana kuisikia ikiniita.

Basi haya ndiyo niliyotaka uyachukue. Ukiwa porini mchana wa jua kali na mtu akakusaidia vizuri mno, mshukuru, lakini akikuuliza jina la mtu umpendaye, jifanye bubu. Na ukisikia sauti uliyokuwa ukiiomba kwa Mungu usiku na mchana, usiifurahie kwanza. Iulize kitu ambacho hujamwambia yeyote. Mimi ningemuuliza ami neno moja tu, ananiitaje. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Ningebonyeza, ningeuliza, ningeachia, na Bakari angeendelea mbele dakika chache tu.

Umeona kuwa jina langu la cheti sikukutajia tangu tulipoanza. Si kwa kusahau. Lakini lile alilonipa ami nimelitaja mara nyingi, maana bila hilo kisa hakisimuliki, na sasa tunalijua watu wachache na wewe umo. Nakuomba usilitaje nje ya nyumba adhuhuri. Siku sauti ile ikiniita Chubwi, mimi nitaitika.